Mafuta na Shuka za Ihramu

Kina mama mnaowafungashia wasafiri wa Umra, tuna neno kuhusu chupa za mafuta. Ndege ipaapo, hewa iliyomo chupani hutanuka ikayasukuma mafuta nje. Basi ibinyeni chupa laini hewa itoke, funikeni mdomo kwa kipande cha plastiki, ndipo mkaze kifuniko.

Mafuta ya nazi yakivuja, ni doa tu. Haludi ni jambo jingine: shuka za ihramu zikiingia manukato, aliyekwisha kunuia hazivai mpaka zioshwe harufu iondoke, na miqati hupitwa angani kabla ya Jeddah. Huko maji ya kufulia yako wapi? Sisi yalitufika, tukaazimwa shuka na msafiri mwenzetu. Haludi na ikae begi jingine.