Mashua za Michezo na Baridi ya Aprili

Likizo ya Aprili yakaribia, na baadhi ya familia zetu zimekwisha kufunga mizigo kwenda kuwazuru jamaa walioko Uingereza. Haziwi siku nyingi baada ya kufika kabla watoto hawajaanza kudai wapelekwe kwenye bustani kubwa za michezo, kwani binamu zao waliozaliwa huko wamekwisha kuwahadithia. Matembezi hayo hatuyaoni kuwa na ubaya. Tunachokihofia ni mtoto aliyezoea jua la Mombasa kuteremshwa kwenye maji siku yenye nyuzi 13 za joto, kisha akazungushwa bustanini saa nne nzima na nguo zilizomtota mwilini.

Sisi ni watu wa bahari, na huenda hilo ndilo linalotuponza. Kwetu kutota ni kuburudika. Nguo hukauka kabla mtu hajafika nyumbani, na hata usiku wa Julai, kusi ikivuma, ni nadra joto kushuka sana chini ya nyuzi 20. Huko kusini mwa Uingereza, nyuzi 13 au 14 ndizo joto la mchana la kawaida mwezi wa Aprili. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa yenye ubaridi ule ule, na upepo ukipiga juu ya nguo iliyorowa, mambo huzidi. Mtoto mdogo huumia mbele ya baba yake, kwa kuwa ngozi yake ni kubwa ukiilinganisha na uzito wake. Akianza kutetemeka, matembezi yasimame: aingizwe ndani, avuliwe kila kilichorowa hadi soksi, akaushwe, afunikwe, apewe kinywaji cha moto. Akijikwaa-kwaa, akisinzia au akiropoka maneno yasiyoshikana, waitwe wahudumu wa huduma ya kwanza mara moja.

Hata hivyo, michezo hii haitoteshi kwa kiasi kimoja, na mzazi mwenye kujua hutambua mapema ni upi wa kupanda na ni upi wa kutazama. Ule wa magogo ndio mpole zaidi. Asili yake ni mifereji ya maji ambayo wakata miti wa Marekani waliitumia kuteremshia magogo kutoka milimani. Mwaka wa 1963 bustani ya Six Flags Over Texas ikaufanya mchezo, nao ukaenea duniani. Chombo hushuka, kikapiga maji kwa pua, maji yakaruka na kuwaangukia walio mbele. Aliyekaa nyuma huenda akatoka na matone tu. Uzito nao una neno lake: wakijazana watu wazima wanene mbele, pua huzama zaidi na wimbi huwa kubwa. Kwa hiyo baba anayetaka kumkinga mwanawe kwa kumkalia mbele ajue kwamba kifua chake ni ngao, lakini tumbo lake ndilo linaloita maji.

Mashua za duara ni habari nyingine. Hizi zilianza Houston mwaka wa 1980, katika bustani ya AstroWorld, na Alton Towers ya Uingereza ikafungua zake mwaka wa 1986. Chombo huzunguka kama sinia juu ya maji, basi hakuna kiti cha salama. Aliyekuwa mkavu akicheka wenziwe hujikuta yeye ndiye aliye chini ya maporomoko. Siku ya baridi, mchezo huu upandwe na mwenye nguo za kubadili peke yake.

Kisha iko ile mashua kubwa ya Thorpe Park, katika jimbo la Surrey, iitwayo Tidal Wave. Ilifunguliwa mwaka wa 2000, nayo huporomoka kutoka urefu wa mita 26. Hapo hakuna hila. Wimbi lake huwafikia hata watazamaji waliosimama karibu, na bustani yenyewe imejengwa kwenye machimbo ya zamani ya kokoto yaliyojaa maji, upepo ukipita juu yake bila kizuizi. Rai yetu ni kwamba mwezi wa Aprili mashua hiyo itazamwe, tena kwa mbali.

Wengi hununua koti la mvua la plastiki langoni wakadhani wamesalimika. Koti hilo hukinga mvua itokayo juu. Maji ya mashua hupenya shingoni na mikononi, na mengine hukungoja yametuama kwenye kiti. Kifutwe kiti kwanza kwa kitambaa, na koti likunjwe chini ya mapaja kabla ya kukaa, mradi lisizuie mkanda au chuma cha kukushikilia. Miguu ndiyo husahauliwa kuliko vyote: panda na viatu vya plastiki, viatu na soksi kavu vikusubiri mkobani. Jinzi ziachwe nyumbani, kwa kuwa pamba hunywa maji ikakataa kuyatoa. Sufu hubakiza joto hata ikirowa, na nailoni hukauka upesi. Vile vyumba vya kulipia vinavyopuliza hewa ya moto vyafaa kwa nywele. Jinzi iliyotota vitaipasha tu.

Kwa kina mama tuna neno la ziada. Buibui lililorowa hulemea, huganda mwilini, na hukawia kukauka. Ndiyo maana mama wengi huishia kuwa walinzi wa mikoba huku wengine wakistarehe. Hatupendezwi na desturi hiyo. Vazi la kuogelea la kusitiri mwili mzima, au suruali na kanzu pana ya nailoni, huvaliwa ndani, na buibui likangoja kavu. Mtandio uchomekwe vizuri ndani ya vazi bila pini wala ncha inayopepea, na mhudumu aulizwe mapema, si foleni ikiwa imekwisha.

Kuhusu saa, wako wanaoshauri michezo ya maji iwekwe mwisho. Mwenye gari lililoegeshwa karibu, lenye nguo kavu ndani, na afanye hivyo. Anayerudi kwa treni apande saa saba mchana, jua likiwa juu, apate muda wa kukauka kabla ya jioni.

Nguo zilizotota zitahitaji mfuko. Chukueni wa turubai wenye zipu, kwani mifuko ya plastiki ya dukani imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na ile mtakayopewa huko haitapita uwanja wa ndege mkirejea.