TAHARIRI: Kabla ya Kumkabidhi Mpiga Chapa



Kila yanapofika mavuno ya mpunga, wakati mifuko ya watu wa Kyela inapokuwa na uzito kidogo kuliko miezi mingine, hutufikia wageni wa namna moja. Huja huyu kutoka Ipinda, yule kutoka Matema, na safari hii akaja mmoja kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga. Kila mmoja ana daftari mkononi, na neno lao ni moja: "Ustadh, nimeandika kitabu, nataka kukitoa mwenyewe."

Sisi hatumrudishi mtu wa aina hii. Ni jambo lisilofichika kuwa mengi yaliyoandikwa kuhusu mwambao huu wa kaskazini wa Ziwa Nyasa yaliandikwa na wageni. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika mwaka 1891 wakiwa na kalamu zao. Baada yao, katika miaka ya 1930, wakaja Godfrey na Monica Wilson, na kitabu cha Monica kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa kikatoka mwaka 1951, kwa Kiingereza. Hatuwalaumu, kwani walifanya kazi yao. Lakini mwenyeji anaposhika kalamu yeye mwenyewe, akaandika kwa lugha ambayo jirani yake anaisoma, hilo ni jambo la kushikwa mkono.

Huyu wa Karonga ameandika kuhusu uvuvi wa usipa, na kuhusu pepo za ziwa kama alivyofundishwa na baba yake: mwera unapokuja unatanguliwa na nini, na mtumbwi ukimbilie wapi. Baba yake ni mzee sana, na haya hayamo katika kitabu chochote tunachokijua. Daftari hilo likipotea, limepotea pamoja na mzee.

Tatizo ni kwamba tumeona mwisho wa vitabu vingi vya namna hii. Huishia katika maboksi chini ya kitanda, vikiliwa na mchwa, na mwandishi akiwa na deni. Kwa hiyo tumeona tutenge ukurasa huu kwa ajili ya wanaojichapishia, wa karatasi na wa intaneti.

Kwanza waondokewe na unyonge. Kujichapishia si kazi ya aliyekataliwa na wenye viwanda. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye tangu mwaka 1937 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza mwaka 1930 na karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, kisha mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Hakungoja kampuni ije kumbishia hodi. Aliandika makala fupi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, kwa Kiswahili ambacho mtu wa sokoni anakifahamu, na baadhi ya makala hizo zikakusanywa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Shaaban Robert naye, ambaye hakuna asiyemjua, aliona haja ya kuwa na kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu huko Tanga, akaiita Art and Literature. Anayeogopa kitabu kizima na aanze kama Sheikh Al-Amin: kurasa mbili leo, mbili mwezi ujao, na nakala ya kila kimoja aiweke.

Pili, mswada. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa mwandishi hudhani akishaisoma kazi yake mara tatu imesafika. Jicho la mwenye kuandika haliyaoni makosa yake, kwa sababu halisomi kilichoandikwa bali linasoma alichokusudia. Wanazuoni wetu walilijua hili kabla ya mitambo ya chapa. Palikuwa na kazi iitwayo muqabala: nakala mpya huwekwa mkononi mwa mmoja, asili mkononi mwa mwingine, mmoja husoma kwa sauti na mwenziwe hufuatisha kwa kidole, na walipofika huwekwa alama ubavuni mwa ukurasa. Imesimuliwa kutoka kwa Al-Muzani kwamba aliisoma Risala mbele ya Imamu Shafi'i mara themanini, na kila mara wakakuta kosa. Sisi hatukutaki mara themanini. Tunakutaka mara mbili, na msomaji wa pili asiwe mkeo wala rafiki yako wa karibu, bali mtu asiyeona haya kukwambia kuwa sura ya tatu haieleweki.

Na sisi tuliolelewa kwa Kinyakyusa tuna mtihani wetu wa ziada. Ulimi wa mama zetu hauna r wala z, basi "habali" na "sawadi" hupenya katika maandishi bila mwenyewe kujua. Si aibu. Lakini mtu wa Tanga au wa Unguja akiliona hilo katika ukurasa wa kwanza hataufikia wa pili. Tafuta mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mlipe chochote, hata debe la mchele, akupitishie mswada wote.

Tatu, mpiga chapa. Katika hili sina budi kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu.

Niliporudi kutoka masomoni niliandaa kijitabu cha kurasa 32 cha kuwafundishia watoto wa madrasa kusoma, na kurasa sita za mwisho nikaziwekea sura fupi za Juzuu Amma. Wazazi walichanga, na mmoja wao alitoa gunia zima la mpunga. Nikaandika kwa kompyuta ya rafiki yangu, nikaweka katika flashi, nikapanda basi. Kijana wa pale kiwandani akafungua faili mbele yangu. Niliangalia ukurasa wa kwanza tu katika kioo, nikaona Kiswahili kimetulia, nikasema sawa, nikalipa fedha yote, nikawahi basi la kurudi. Baada ya wiki mbili maboksi yakashushwa, nakala 500. Kurasa zote za Kiswahili zilikuwa nzuri. Nilipofika ukurasa wa 27 nikahisi baridi. Herufi za Kiarabu zilikuwa zimeachana, kila moja imesimama peke yake kama vigingi, na mstari umegeuka, unakwenda kutoka kushoto. Programu ya mpiga chapa haikuwa na uwezo wa kuziunganisha, na yeye hakujua Kiarabu hata agundue. Hapakuwa na aya hata moja iliyosomeka. Mzazi yule wa gunia alifunua, akatazama, akafunga, akakirudisha mezani taratibu bila ya kusema neno.

Tulikaa jioni tatu mimi na wanafunzi wakubwa, tukizikata kwa wembe karatasi tatu za mwisho za kila nakala, tukiacha ukingo mwembamba kwenye mshono ili karatasi tatu za mwanzo zisichomoke, kisha tukazichoma kwa adabu inayostahiki. Watoto wakasomea kijitabu kisicho na mwisho. Nilipompigia simu mpiga chapa alinijibu: "Ustadh, wewe ndiye uliyesema sawa." Na alisema kweli.

Basi wewe usifanye kama nilivyofanya. Faili ligeuzwe kuwa PDF ambayo fonti zake zimefungwa ndani yake, lisikabidhiwe likiwa katika hali ya kuweza kuchezewa na programu nyingine. Kisha dai prufu, yaani nakala moja kamili ya kusahihishia, juu ya karatasi na si juu ya kioo. Kaa nayo usiku mmoja, tia sahihi kila ukurasa, na hapo ndipo useme chapa. Kitabu chenye Kiarabu ndani yake kisipite bila ya jicho la anayekisoma Kiarabu, irabu na shadda zake zote.

Lipa nusu, nusu nyingine ibaki mpaka mzigo ufike na uuhesabu. Tena muandikiane. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni, nasi tunalipa viwanda fedha za waumini kwa neno la mdomo! Karatasi moja inatosha: idadi ya nakala, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi na wa jalada, tarehe ya kumaliza, na nani atabeba hasara mzigo ukitofautiana na prufu. Na katika kupanga kurasa, kumbuka kuwa kijitabu kinachokunjwa na kubanwa kwa pini katikati huhesabiwa kwa nne nne. Mwenye kurasa 41 atalipia 44, basi ama apunguze moja ama aongeze tatu zenye faida.

Nne ni hesabu, na hapa ndipo palipozika waandishi wengi kuliko makosa ya herufi. Tuseme umechapa nakala 500 kwa shilingi 750,000, kila moja imekugharimu 1,500. Ukaona uuze 2,000 ili uwahurumie watu. Muuza duka au kijana anayetandaza vitabu baada ya swala ya Ijumaa anataka asilimia 20, yaani 400, na ni haki yake. Imebaki 1,600. Nakala 100 umezigawa kwa mashekhe, ndugu, na kila aliyekuuliza "yangu iko wapi?" Zilizobaki 400, hata zikinunuliwa zote, zitakupa 640,000. Umepoteza 110,000, na bado hujalipa usafirishaji wa maboksi. Ukiuza 3,000 kwa hesabu hiyo hiyo utapata 960,000, na kitabu cha pili kitakuwa na mtaji. Bei isiyomrudishia mwandishi gharama yake si huruma, kwani itamzuia asiandike tena. Na anayetaka kugawa bure na agawe, lakini aihesabu kuwa ni sadaka tangu mwanzo, si kuja kuiita hasara baadaye.

Zaidi ya hayo, anza na nakala chache. Mashine za kisasa huchapa hata 50, ijapokuwa kila moja itakuwa ghali zaidi. Zikiisha, utakuwa umejua kuwa kitabu kinatakiwa, na utakuwa umesahihisha makosa ambayo wasomaji wamekuonyesha, kwani watakuonyesha tu.

Upande wa serikali si mzito kama wengi wanavyouogopa. Hakimiliki ya kazi yako unayo tangu ulipoiandika, kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1999, na hudumu uhai wako na miaka 50 baada yake. Kuiandikisha COSOTA ni kwa ajili ya ushahidi siku ya ugomvi. Namba ya ISBN, ambayo tangu 2007 ina tarakimu 13, hutolewa hapa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba, na mchapishaji hutakiwa kuwasilisha nakala kwao. Wengi huliona jambo hili kuwa usumbufu, nasi tunaliona kinyume chake. Kitabu kilicho Maktaba Kuu hakiliwi na mchwa wa Kyela. Anayetaka kutoa jarida la kila mwezi ajue kuwa hilo ni jambo jingine, lina leseni yake kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016.

Ama wale wa intaneti, njia yao ina historia fupi. Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, na Issa Michuzi akafuata mwaka 2005, na baada yao wakamiminika. Kisha mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi na 1,000,000 za leseni, na wengi wakafunga. Kanuni mpya zikatoka 2020, zikarekebishwa tena 2022. Kwa hiyo usitegemee aliyokwambia mwenzio miaka hiyo. TCRA wana ofisi ya kanda Mbeya, nenda ukaulize kama unachoandika kinahitaji leseni au hakihitaji. Jua pia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayechapisha habari mtandaoni huku akijua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha. Kwetu sisi hili halipaswi kuwa geni, maana tumelelewa katika elimu isiyopokea habari bila ya kuuliza: nani kakwambia, naye kaambiwa na nani? Picha za watoto wa madrasa nazo zisibandikwe ovyo bila ya idhini ya wazazi. Tangu Mei 2023 kuna sheria ya taarifa binafsi inayofanya kazi.

Na blogu si ghala. Tovuti hufungwa, nywila husahauliwa, simu huzama ziwani. Kila makala iwe na nakala yake nyumbani, na kila mwaka zichapwe katika karatasi zikashonwa pamoja, ijapokuwa nakala tatu tu.

Tukirudi kwa wa karatasi: msilete mzigo wenu Machi wala Aprili. Mvua zetu mnazijua, na Kiwira na Mbaka zikifurika haziulizi boksi la nani liko sakafuni. Leteni Juni, mpunga ukiwa umeshauzwa, na maboksi yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Yule mgeni wa Karonga hatukumpeleka kwa mpiga chapa. Tulimrudishia daftari lake baada ya kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, kurasa 118, tukamwomba amsomee baba yake yote kwa sauti, na pale mzee atakapomkatiza aandike alichomkatizia. Amevuka mpaka Kasumulu siku ile ile, na ameahidi kurudi baada ya miezi miwili.