Mgeni Aliyekuja na Jembe Lake

Wahenga walimpa mgeni siku mbili za kula na kulala. Ya tatu akapewa jembe. Siku hizi kuna mgeni wa namna nyingine, ashukaye garini na jembe lake begani, na kabla hajaamkiwa vizuri amekwisha anza kulima. Namsema Mmarekani wa kanisa anayechukua likizo ya siku nane au kumi, akaingia kijiji cha mbali asichojua lugha yake, akapaka darasa rangi, akagawa dawa za minyoo, akaimba na watoto, akahubiri kwa mkalimani, kisha akarudi kwao.

Nao si wachache. Robert Wuthnow, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Princeton, kutokana na uchunguzi wa mwaka 2005, alikadiria kwamba Wamarekani wapatao 1,600,000 huenda nchi za nje kwa safari hizo kila mwaka. Ndugu msomaji, hao ni wengi kuliko wakazi wote wa Mombasa!

Je, kijiji hupata nini? Jibu lililo wazi latoka Honduras, Amerika ya Kati. Tufani iliyoitwa Mitch ilipoipiga nchi hiyo mwishoni mwa Oktoba 1998, maelfu ya watu walikufa na nyumba zisizo na idadi zikasombwa na maji. Makanisa ya Amerika Kaskazini yakatuma vikundi kwa vikundi kwenda kujenga. Baadaye Kurt Ver Beek, mwalimu wa chuo cha Kikristo cha Calvin aliyekuwa akiishi huko huko Honduras, aliwaendea waliojengewa akawauliza hali. Angalia kwamba huyu si adui wa kanisa, ni mwana wa nyumba hiyo hiyo. Matokeo aliyachapisha mwaka 2006. Nyumba moja ikijengwa na wenyeji iligharimu kama dola 2,000. Kikundi kimoja cha wageni, nauli za ndege zikiwemo, kilitumia kama dola 30,000. Fedha hizo zingesimamisha nyumba 15. Na waliojengewa na wageni hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko waliojengewa na wenyeji.

Watetezi husema kwamba faida humpata msafiri mwenyewe: hurudi moyo umelainika, akatoa zaidi. Ver Beek alilitazama hilo pia. Wengi walimwambia michango yao imeongezeka. Daftari za shirika hazikuonyesha ongezeko la maana.

Waama, fundi wa kijijini, awe wa Honduras au wa Kwale, hakosi mikono. Akosacho ni saruji na mabati. Ukimletea mikono ya wanafunzi wasiojua hata kupiga lipu, umemnyang'anya kibarua chake, kisha wataka akushukuru.

Sisi watu wa pwani twaujua umisheni wa sura nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto mchanga, wala hakuondoka. Alijifunza Kiswahili, akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo. Mwenzake Johannes Rebmann alikuja 1846, wakafungua kituo Rabai, naye akakaa mpaka 1875, macho yamekwisha kumwishia. Wazee wetu hawakuifuata dini yao, na hoja za kuwapinga zilikuwapo tele. Lakini walijua wanabishana na nani. Alikuwa mtu mwenye jina, mwenye mlango wa kubishwa hodi, mwenye lugha ya kujibizana naye. Huyu wa siku nane utamdai wapi? Dawa ikimdhuru mtoto, au ukuta ukipasuka, yeye yuko kwao anaonyesha picha.

Na haraka ina hatari yake. Mwezi Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Wamarekani kumi wa makanisa ya Kibaptisti walikamatwa wakitaka kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila ya karatasi halali. Walisema ni mayatima. Ikaja kujulikana kwamba wazazi wa wengi wao wako hai.

Tusicheke sana, lakini. Nasi tunayo misafara yetu. Ramadhani ikiingia, magari hutoka mjini yamejaa unga na tende, mengine kwa fedha za ndugu wa Ghuba, yakaelekea bara ya Kilifi na Tana. Nia ni njema, na thawabu ni ya Mwenyezi Mungu kuipima. Ila na kamera nayo imo garini. Ajuza aliyefuturu kwa maji hupangwa mstari, akashikishwa pakiti ya unga, akaambiwa atazame huku. Picha ikisha pigwa gari laondoka, na hakuna aliyemwuliza kama haja yake ilikuwa unga, au karo ya mjukuu aliyefukuzwa shule wiki ile.