Mafundi wa Geita Wapewe Kipimo

Dhahabu ya Geita hupimwa kwa uangalifu mkubwa. Mnunuzi huiweka juu ya mizani ndogo ya kielektroniki na kuhesabu hata sehemu ya gramu. Lakini katika karakana zinazokereza shafti za vinu vya kusagia mawe ya dhahabu hiyo, kuanzia Geita hadi Kahama na Shinyanga, kani inayokikabili kisu cha mashine haipimwi. Fundi husikiliza mlio, hutazama rangi ya chuma kinachochongoka, kisha huamua. Masikio hayo ni hazina, na asiyewahi kusimama mbele ya mashine asiyabeze. Hata hivyo, hayaandikiki daftarini, wala mwanafunzi hawezi kuyarithi.

Jambo hili si dogo. Chuma laini kikikerezwa kwa kina cha milimita 2, kisu kikisogea milimita 0.25 kwa kila mzunguko, ncha hubeba kani ya nyutoni 1,000 hivi. Huo ni uzito wa gunia la mahindi la kilo 100, uliokaa juu ya eneo dogo kuliko punje ya ulezi! Asiyeijua kani hiyo ama huvunja kisu kilichonunuliwa kwa fedha za kigeni, ama kwa woga hukata kidogo kidogo hadi kazi ya saa moja ikala nusu siku.

Chombo cha kuipima, dainamomita, si muujiza. Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja peke yake, walibuni geji ya mnyumbuko: uzi mwembamba wa metali unaogandishwa juu ya chuma. Chuma kikivutika, uzi nao huvutika, na ukinzani wake wa umeme huongezeka. Mizani nyingi za kielektroniki, zikiwamo zile za sokoni, hutumia geji hizohizo.

Ugumu umo katika usanifu. Kishikio cha kisu kikiwa kinene mno, geji haioni kitu. Kikiwa chembamba, hutetemeka na kuharibu kazi. Kishikio cha chuma cha milimita 25 kwa 25, kilichochomoza milimita 50, huvutika kwa sehemu 1 tu hivi katika 10,000 chini ya mzigo ule wa gunia. Ndiyo maana geji hufungwa nne, mbili juu na mbili chini, ili joto lisidanganye kipimo. Kisha hutundikwa mawe ya mizani, kilo 10 baada ya kilo 10, wakati wa kupakia na wa kupakua, na kila jibu likaandikwa.

Kanuni za mwaka 2018 za ushiriki wa Watanzania katika madini zimeutambua upendeleo kwa bidhaa za nchini. Ni haki, lakini mgodi hauwezi kufunga kipuri kwa sababu ya uraia wake. Mwenye karakana hana budi kuonyesha jinsi kilivyokatwa, na ushahidi huo ni tarakimu.

Kazi ya kwanza ni ya vyuo vya ufundi vya kanda hii. Wanafunzi wakitengeneze chombo hiki wenyewe, TEMDO ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1980 kwa usanifu wa mitambo, ikague michoro, na Wakala wa Vipimo waombwe kuthibitisha yale mawe. Maombi ya geji nne na gundi yake yakifika mezani kwa afisa ugavi, asiyahesabu kuwa anasa.