Mchezo Mmoja Si Kipimo

Msomaji, timu itokayo Faza, kisiwani Pate, hupanda chombo kwenda Lamu kushindana. Je, ni haki ifungwe mara moja, kisha irejeshwe baharini? Ndivyo mtoano ulivyo. Mwaka 1934 Misri ilivuka bahari hadi Italia kugombea Kombe la Dunia. Hungaria ikaifunga 4–2, na safari ikaishia hapo. Watetezi wa mtoano husema kwamba timu 8 humaliza kwa michezo 7 tu. Kweli, lakini timu 4 hurudi baada ya mchezo mmoja! Zigawanywe makundi mawili: kila timu itacheza michezo 3, na mbili bora za kila kundi ziingie nusu fainali. Jumla ni michezo 15, wala si 28 ya ligi. Aliyekwisha kulipa nauli ya bahari asinyimwe uwanja.