Shilingi ya Kwanza Isiende Kwenye Injini

Katika viwanja vya mbio za pikipiki vya Uingereza, kama Brands Hatch na Donington Park, hutengwa siku ambazo mtu wa kawaida, asiye mshindani, huruhusiwa kwa malipo kuingia na pikipiki yake na kuikimbiza kwa mwendo ambao barabarani ungemfikisha mahakamani. Mwanagenzi mwenye fedha kidogo huuliza aiongezee nini pikipiki yake, na wazoefu humpa jibu la kumvunja moyo: injini iache ilivyo. Anunue tairi zenye kashata nzuri, abadilishe mafuta ya breki yaliyozeeka na pedi zilizolika, akague cheni, akaze nati zote. Kinachobaki kiende kwenye kofia ngumu, glovu, buti na vazi la ngozi. Vioo vya pembeni huondolewa au kukunjwa, na taa hubandikwa utepe ili zikivunjika vigae visitapakae njiani. Kazi hiyo huhitaji jioni moja tu na utepe wa bei ndogo.

Hata hapo bado hajaruhusiwa. Kofia na mavazi yake hukaguliwa, kelele za ekzosi hupimwa, na wanagenzi hutenganishwa na wenye mbio. Ambulansi iko tayari. Wote huelekea upande mmoja, hakuna lori litakalowajia usoni, hakuna shimo wala mbuzi. Ndiyo kusema, mahali palipojengwa kwa ajili ya kasi ndipo panapomdai mgeni athibitishe kwanza kwamba ataweza kusimama, na kwamba akianguka ana cha kumkinga.

Haya yangebaki kuwa burudani ya watu wa mbali, lakini kila siku huko Mbagala au Tabata kuna kijana anayekabidhiwa pikipiki ya cc 125 au 150 kwa mkataba. Naye ni mwanagenzi, naye mfuko wake ni mwepesi. Tofauti ni kwamba yeye huingia barabarani bila kuulizwa lolote ila hesabu ya jioni, na anapopata akiba ya kwanza, mara nyingi huipeleka kwenye redio, taa za rangi na mapambo ya tangi. Kumlaumu kwa kupenda urembo ni kumwonea, kwani chombo cha kazi huvutia abiria. Kinachostahili kulaumiwa ni mpangilio wa manunuzi, na matokeo yake huonekana katika wodi za mifupa na za majeruhi wa kichwa.

Kofia yenyewe ina asili ya uwanjani, na aliyeipeleka huko alikuwa tabibu. Daktari Eric Gardner, aliyehudumu katika uwanja wa Brooklands nchini Uingereza, alichoka kupokea waendeshaji waliopasuka vichwa. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ametengenezesha kofia za turubai iliyokazwa kwa sheleki. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, aliyefariki siku sita baada ya kuanguka na pikipiki bila kofia. Cairns aliendelea kuchunguza majeraha ya waendeshaji, na mwaka 1941 akachapisha hoja yake kuhusu umuhimu wa kofia. Sheria ya kuwalazimisha waendeshaji wote wa Uingereza ilikuja mwaka 1973. Leo mapitio ya tafiti nyingi yanaonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna spea ya injini inayoweza kujitetea kwa hesabu kama hiyo.

Lakini si kila kofia ni kofia. Kinachookoa ubongo ni tabaka la povu gumu lililo ndani ya gamba, ambalo hupondeka ili nguvu ya pigo isifike yote kwenye fuvu. Povu hilo hupondeka mara moja tu. Kofia ya mtumba iliyokwisha kuanguka na mwenzake yaweza kung'aa nje ilhali ndani imemaliza kazi. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu hutangulia kufika chini peke yake.

Baada ya kichwa, breki. Wanagenzi wengi hufundishwa kuogopa breki ya mbele, wakaambiwa itawarusha. Ukweli ni kwamba chombo kinapopunguza mwendo uzito huhamia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linaloweza kusimamisha kwa nguvu zaidi. La nyuma, likibanwa peke yake, huteleza upesi. Breki zote mbili zibanwe pamoja, kwa kukaza polepole, na kwa tahadhari zaidi penye mchanga au matope. Ikumbukwe pia kwamba mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne, si mara mbili. Tairi kipara wakati wa mvua huurefusha zaidi. Kukagua upepo, kukaza breki ya nyuma na kutia cheni oili ni kazi za dakika chache kwa fundi yeyote wa mtaani.

Yapo mambo madogo ambayo uwanjani hayajulikani, kwa kuwa kule hakuna abiria. Kifuniko cha cheni kilichong'olewa hukaribisha kanga na baibui kunaswa. Kisigino cha mtoto huingia kwenye spoku. Ekzosi isiyo na kinga huunguza mguu wa abiria anayeshuka (nao ukiungua, upozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, si kwa dawa ya meno). Abiria wanaokataa kofia kwa hofu ya fangasi au chawa wasidharauliwe. Kitambaa chepesi cha abiria mwenyewe chini ya kofia, na kuianika kofia ikauke, hupunguza hofu hiyo kwa gharama ndogo.

Wapo watakaosema kwamba kijana anayedaiwa hesabu kila jioni hana nafasi ya kupanga lipi litangulie. Ni kweli, na ndiyo sababu mzigo huu haufai kuachwa mabegani mwake peke yake. Mwenye pikipiki ndiye mwenye mfuko. Kofia mbili mpya, tairi nzima na breki zilizokaguliwa ziandikwe ndani ya mkataba kama funguo na kadi ya chombo zinavyoandikwa, na pedi zikilika zibadilishwe kwa fedha ya mwenye mali. Wahudumu wa afya nao, wanapokwenda vijiweni kutoa elimu, wafuatane na fundi na pikipiki halisi badala ya vipeperushi pekee, ili dereva aonyeshwe kwa mkono wake mahali pedi inapoishia.