Moscow 1980: Tulisusia Ugomvi wa Nani?

Michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 Kenya haikuwako. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda, wakarudi na nishani mbili za fedha: ya Filbert Bayi katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, ambaye Miruts Yifter wa Ethiopia alimtangulia kwa muda usiotimia hata sekunde moja.

Sababu yajulikana. Disemba 1979 majeshi ya Kirusi yaliingia Afghanistan, na Rais Jimmy Carter wa Marekani akayataka mataifa yasusie Moscow. Ili kutushawishi Waafrika, Februari 1980 alimtuma Muhammad Ali. Kwa nyumba za Waislamu wa Pwani, hapakuwa na mjumbe aliyehitaji kubisha hodi kidogo kuliko huyo! Na dhulma waliyofanyiwa Waafghani ilikuwa dhulma ya kweli, haina ubishi. Lakini Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na waandishi wa habari wakamtupia swali lililomtia tabu: Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976, mbona Marekani haikusimama nasi?

Swali hilo lilitustahili sisi pia. Kususia Montreal kulikuwa jambo letu wenyewe. New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, nasi tukawaondoa vijana wetu. Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, aliikosa nafasi yake, lakini aliikosa kwa ajili ya ndugu zake. Je, Moscow tulilipa deni la nani?

Aliyelipa zaidi ni Henry Rono. Mwaka 1978, katika muda wa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia. Ile ya viunzi na maji ilikuwa dakika 8 na sekunde 5.4, mshindi wa Moscow, Bronisław Malinowski wa Poland, alitumia dakika 8 na sekunde 9.7. Kweli, mbio za nishani si mbio za rekodi, na huenda Rono angeshindwa. Lakini hata huko kushindwa alinyimwa. Alifariki Februari 2024, na Olimpiki hakukimbia hata moja.

Oktoba 2001 Marekani nayo ikaingia Afghanistan kwa silaha. Miezi minne baadaye, Olimpiki za majira ya baridi zilifanyika huko huko Marekani, mjini Salt Lake City. Kenya ilikwenda. Aliyeiwakilisha ni Philip Boit, mtelezaji wa theluji, wa ukoo ule ule wa Mike Boit. Safari hiyo hakuna rais aliyetuletea mjumbe kutuambia tususie.